Mkono wa Kulia na Dada Dorosela

Tangu kiharusi kinipige, kinywa changu kimebakiwa na neno moja tu, "ndiyo", na mkono wangu wa kulia umelala kama mgeni asiyetaka kuaga. Vyote viwili vinanikera.

Prisila, mtaalamu wa mazoezi anayenihudumia hapa Njombe, alikuja na tiba ya ajabu: tuufunge mkono ulio mzima. "Mama, huu wa kushoto unamfanyia mwenzake kila kazi," alisema. "Ukipumzishwa, mvivu ataamka. Na miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kupigania."

Basi kila asubuhi mume wangu Gideoni ananivika soksi nzito mkono wa kushoto, anaifunga kwa kitambaa, ananiwekea uji na kwenda shambani kwenye viazi. Nile kwa mkono wa kulia, ambao unatikisa vidole tu. Siku tisa zikapita bila kijiko kufika kinywani mpaka Gideoni arudi mchana kunifungua. Nikawa sijui mwenye akili ni nani: Prisila, Gideoni, au mimi ninayewakubalia.

Siku ya kumi dada yangu Dorosela akafika kutoka Makambako bila taarifa. Ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki.

"Kamwene, mdogo wangu," akanisalimu. Akauona mkono uliofungwa, kisha uji uliomwagika kifuani kwangu. "Gideoni ndiye aliyekufunga hivi?"

"Ndiyo."

"Halafu anakuacha na njaa?"

"Ndiyo," nikasema, maana sina jingine. Nikatikisa kichwa kukataa, naye akadhani ni uchungu.

Akanifungua, akavuta kigoda, akaanza kunilisha. Nakiri nilifurahi. Uji ulikuwa bado wa moto na mkono wa dada ulikuwa mwepesi vilevile kama zamani. Lakini kijiko cha nne nikakifungia mdomo. Nikilishwa leo nitalishwa na kesho, na mkono wangu utalala moja kwa moja.

"Kula, Ida. Mimi nipo."

Akakisogeza tena. Sijui niliamua saa ngapi, wala kama niliamua. Mkono wa kulia ukainuka kutoka mapajani, ukakipiga kijiko, na uji ukamrukia Dorosela usoni.

Nilishangaa kuliko yeye. Nicheke au nimwombe radhi? Kwa lugha gani? Moyo ulikuwa unashangilia na kuona aibu kwa wakati mmoja.

Dorosela akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Kumbe hunitaki, Ida?"

"Ndiyo," kikasema kinywa changu.

Akachukua mkoba wake akatoka. Mlango aliuacha wazi, nikawa namwona anavyoteremka kuelekea barabarani. Nikajikaza, nikauinua mkono uleule nimwite arudi. Ukafika usawa wa bega, ukapanda na kushuka, ukapanda na kushuka.

Akageuka, akautazama kitambo. Kisha naye akanipungia kwaheri, akaenda zake.