Pengo Kati ya Fito

Kazi yake ilikuwa kuharibu vitu vya watoto kabla watoto hawajavifikia. Aling'oa macho ya midoli kwa koleo, aliangusha vigari vya plastiki kwenye sakafu ya zege, alichovya manyanga kwenye maji ya chumvi aone kama rangi itachuja. Kitu kikipita, kiligongwa muhuri kwamba kimefikia viwango vya kimataifa. Kisipopita, kilirudishwa kwa mwenyewe na maneno machache makavu. Jengo zima liliishi hivyo. Chumba kimoja kilipima nyaya za umeme, kingine maziwa ya kopo, kingine matofali, na mwisho wa korido kulikuwa na jamaa mcheshi aliyegonga helmeti za pikipiki kutwa nzima mpaka masikio yakafa ganzi.

Nyumbani walimwita Rula. Kaka yake ndiye aliyeanza, kwa utani, na jina likamganda. Hakuwa na mume wala mtoto. Jumapili, kama kaka hakumwita, alifagia nyumba ambayo haikuwa na vumbi.

Jumapili hiyo aliitwa kuona kitanda. Kaka alikuwa na binti mchanga, na baba mkwe wake, seremala aliyestaafu, alikuwa amemchongea mjukuu kitanda kwa mikono yake mwenyewe. Mbao zilipigwa msasa mpaka zikateleza kama sabuni, na upande wa kichwani kulikuwa na ua. Wageni walikizunguka, kila mtu akisifia la kwake, na mzee amekaa pembeni akijifanya hasikii, kumbe moyo unamchezea kwa furaha.

Rula naye alisifia, na alisifia kwa dhati. Kisha mkono wake, kwa mazoea tu, ukapita kati ya ufito na ufito. Akaukunja ngumi. Ngumi nayo ikapita bila kugusa popote.

Alikwenda jikoni kumsaidia wifi yake kupanga vikombe, akijiambia anyamaze, si leo, si mbele za watu. Lakini aliporudi sebuleni alikuta mtoto amelazwa humo, anarusha miguu, na mguu mmoja umeshatokeza nje mpaka pajani. Ulimi ukamtangulia.

"Haya mapengo ni mapana," alisema. "Kiwiliwili kinaweza kuteleza nje, kichwa kikakwama. Naomba asilale humu mpaka fito ziongezwe."

Wifi akamtoa mtoto na kumkumbatia.

"Wifi, leo umekuja kama shangazi au kama mkaguzi?"

"Kama shangazi."

"Basi shangazi angesema hongera."

"Mimi nimelea sita," mama yake wifi akadakia, "na hakuna hata mmoja aliyepimwa kwa rula."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kutafuta pa kutokea. Mzee hakucheka. Aliinuka, akapitisha kiganja juu ya ua lake, akaenda zake uani.

Kaka alimsindikiza mpaka getini. "Dada, si ungenivuta pembeni?"

"Ningekuvuta pembeni, ungemwambia mzee?"

Kaka akakuna kichwa. "Ningetafuta siku."

"Basi niahidi asilale humo."

"Sawa, dada. Sawa." Alisema huku anafunga geti.

Jumapili iliyofuata hakuitwa. Wala iliyofuata. Alipopiga simu yeye, kaka alisema wana wageni, mara nyingine akasema wana kazi. Rula hakuuliza wageni gani. Wakati wa chakula cha mchana alimsimulia yule jamaa wa helmeti.

"Mimi nilimwambia shemeji yangu helmeti yake ni bakuli," jamaa akasema. "Mpaka leo akiniona anavuka barabara." Rula akacheka, halafu chakula kikamshinda.

Siku moja asubuhi mlinzi alimwita: kuna mzee anakuulizia. Alikuwa yule seremala, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hicho mnachopimia, nionyeshe."

Alimpeleka chumbani kwake, akampa kipande cha plastiki ngumu kilichochongwa kwa ukubwa wa nyonga za mtoto mchanga. Mbele yao kulikuwa na vitanda viwili vya kiwandani. Mzee akakisukuma kwenye fito za cha kwanza, kikagoma. Akahamia cha pili. Kikapita na kudondoka sakafuni kwa kishindo. Akainama kukiokota.

"Nani aliyepanga kipimo hiki?"

"Watu wa nchi nyingi walikaa wakakubaliana. Kila mmoja alikuja na habari za kwao."

"Habari gani?"

"Za watoto waliokufa, baba."

Mzee akavuta kiti, akakaa.

"Hajalala humo," alisema hatimaye. "Tangu siku ile nawaambia vanishi haijakauka. Ila vanishi nayo ina mwisho wake." Akaifutafuta kofia. "Nitaongeza fito. Nitasema niliona hakijakaa vizuri. Wewe usiwaambie nilikuja hapa. Binti yangu atasema nimeshika upande wako."

"Sitasema."

"Kazi yako nimeiona," mzee alisema. Rula alimsindikiza mpaka barabarani. Alitamani kumwomba amsemee kwa wifi, hata neno moja, lakini mzee alikuwa ameshavaa kofia na anaangalia njia.

Baada ya siku kadhaa kaka alimtumia picha. Mtoto amelala fofofo, fito zimesongamana. Chini ya picha aliandika: "Baba mkwe kaongeza fito mwenyewe, anasema ni kwa urembo. Umeona? Hakukuwa na haja ya kelele zile."

Rula aliisoma amesimama jikoni. Vidole viliandika sentensi ndefu, vikaifuta. Akaandika: "Kimependeza sana. Mpe mzee hongera." Kisha akaongeza: "Nije Jumapili nimwone mtoto?"

Jibu lilichelewa mpaka chai ikapoa. "Mwache kwanza wifi yako apoe, dada. Nitakuambia."

Akairudia ile picha, akaikuza, akafuata ufito mmoja baada ya mwingine kwa kidole mpaka mwisho wa kitanda. Yalikuwa mapengo ya kipimo kabisa. Ghorofa ya chini mama mmoja alikuwa anaita watoto waingie ndani wakaoge, nao wanabishana naye kwenye ngazi, na Rula akasimama kuwasikiliza mpaka mlango wao ukafungwa.