Chokaa ya Kwa Mapadri

Kitongoji chetu kinaitwa Kwa Mapadri, na sisi tunaokaa humu ni Waislamu watupu. Mapadri wenyewe waliondoka zamani, wakatuachia vitu vitatu: gofu la nyumba yao ya sala, daraja la mawe, na lango la chuma linalogeuzia maji ya mto kwenye mfereji wa mashamba. Mimi, Mwantum, ni mwenyekiti hapa mwaka wa kumi na moja huu, na miaka yote hiyo nimeandika barua ile ile moja: daraja linaliwa na mto, tusaidieni. Nimechoka mpaka mwandiko wangu umechoka.

Masika iliyopita mume wangu Zaidi alizidiwa na kifua. Gari la wagonjwa lilisimama ng'ambo, dereva akakataa kukanyaga daraja, wala simlaumu. Wanaume wanne wakambeba na kitanda chake, maji yakipita juu ya mawe, wakipapasa kwa miguu. Daktari aliniambia tungechelewa kidogo tu, ningerudi na maiti.

Kwa hiyo mwezi wa saba, Bwana Respicius alipokuja kutoka ofisi moja ya Dodoma, nilimsikiliza kwa masikio yote mawili.

"Mama mwenyekiti," alisema, "hivi vitatu vikiorodheshwa kuwa vya kale, daraja litakarabatiwa kwa mawe yake yale yale. Gari litapita. Nitarudi na wenzangu mwezi wa kumi."

Akaupiga picha mwaka aliouchonga padri juu ya mlango wa gofu, akaondoka. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nililala usingizi wa maana.

Mwezi wa kumi binti yetu Naima alijifungua huko Zuzu, nikaenda kumuuguza uzazi wiki tatu. Nilirudi siku moja kabla ya ugeni. Nilipofika juu ya mteremko nikaona bondeni kitu cheupe kinametameta, nikajiuliza nani kajenga.

Lilikuwa gofu. Kwetu mgeni akitangazwa, ukuta husiribwa kwanza, na Zaidi alikuwa fundi uashi kabla kifua hakijamwachisha kazi. Alikuwa ametoa saruji tuliyoiweka kwa ajili ya sakafu yetu, akawakusanya majirani, wakapiga lipu gofu zima na kulipaka chokaa. Daraja nalo walilipiga lipu kuanzia kingo hadi chini, likawa jeupe kama la harusi. Mwaka wa padri ulikuwa umefukiwa chini ya lipu laini, kazi ya fundi hasa. Lango tu ndilo lilibaki na kutu yake, kwa sababu jirani yetu Uwesu alikuwa kwenye zamu yake ya maji na hakutaka mtu aliguse.

Zaidi nilimkuta kitandani, vumbi la saruji limemkaba.

"Umepaona, Mama Naima?"

"Nimepaona."

Nilitaka kupiga kelele. Hasira ilinipanda mpaka kooni, ikakuta uchovu umekaa hapo siku nyingi, ikashuka.

Kesho yake Bwana Respicius alisimama mbele ya gofu, kofia mkononi.

"Nani amefanya hivi, mama?"

"Ni sisi."

"Sisi tunaorodhesha vya kale. Hiki sasa ni kipya."

"Na daraja?"

"Nalo hivyo hivyo. Tukiibandua saruji hii, itatoka na mawe yake."

Waliandika lango peke yake. Watalitundikia kibao. Wakanywa chai, wakasaini kitabu cha wageni, wakaenda zao.

Nyumbani Zaidi alikuwa amejiinua, ameegemea ukuta.

"Wamesemaje?"

"Wamepapenda."

"Na daraja?"

"Hilo ndilo walilolipenda zaidi, Baba Naima."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi. Kilipotulia nilimsaidia kuhamia mkekani, nikatoa kitanda chake uani nikakianika juani.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya milima. Nikaanza kuwataja wabebaji: Uwesu, Khalidi, Iddy. Yule wa nne wa masika ile amehamia Kizota, yuko kwenye karakana ya kuchomelea. Nikapita kitongoji kizima kichwani, nyumba kwa nyumba, nikakuta wazee na wanawake.

Nikainama, nikashika mguu mmoja wa kitanda, nikakiinua kupima uzito wake.