Ufagio Uliogota Chini ya Kiti

Nchi hii haipo kwenye ramani. Ilikuwa ndani ya sanduku la chuma juu ya meza ya Bi Kidawa, mshonaji, kati ya cherehani na chupa ya chai. Watu wa nje waliiita kompyuta. Wakazi wake waliiita Nchi, basi, kwa kuwa hawakuwahi kuona nyingine ya kuilinganisha nayo. Bi Kidawa akibonyeza kitufe, kwao ilikuwa asubuhi. Akizima, wote walilala papo hapo, hata aliyekuwa katikati ya neno.

Ilikuwa nchi yenye utaratibu, na ilijisifu kwa huo utaratibu wake. Katikati aliketi Mfalme, na hakuna mlango uliofunguka wala barua iliyosomwa bila ruhusa yake. Kila asubuhi Waziri wa Orodha alimuuliza, "Mtukufu, nani yumo nchini?" Mfalme akataja, Waziri akaandika. Kisha Jemadari wa Ngao, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasaka wahalifu, alichukua orodha ile akawapekua wote walioandikwa, mmoja mmoja, mpaka kwenye nyayo. Asiyeandikwa hakupekuliwa, maana asiyeandikwa hayupo. Kwenda kuhesabu kwa macho yako mwenyewe kulionekana ufedhuli, kama mgeni kufunua sufuria ya wenyeji.

Chini ya hao wote alikuwapo Mfagiaji. Msichana mkimya, aliyejua herufi na hesabu za mwanzo tu, za kumtosha kuhesabu vikapu vya takataka. Hakuwa na kiti barazani. Alikuwa na ufagio, na haki moja ndogo ambayo hakuna aliyemwonea wivu: kila amalizapo kazi aliandika mstari mmoja kwenye Kioo, pale Bi Kidawa alipoweza kuusoma. Mstari wenyewe ulikuwa uleule tangu enzi za wafagiaji waliotangulia. Usafi umekamilika.

Siku Mgeni alipofika, Bawabu alikuwa ameitwa barazani kuvalishwa nishani, na ufunguo wa lango akaachiwa Mfagiaji. Mgeni aliitwa na Bi Kidawa mwenyewe: alileta kalenda ya maua, ya bure, inayobadilika kila mwezi. Swali liliwekwa kwenye Kioo, "Je, aingie?", naye Bi Kidawa akajibu "Ndiyo" bila kusoma mpaka chini, kikombe mkononi.

Mgeni alibeba mizigo miwili. Mmoja ulikuwa kalenda, mawaridi yakichungulia. Wa pili ulikuwa umeviringishwa kwenye mkeka, mrefu kama mtu.

"Na huo wa pili?" Mfagiaji aliuliza.

"Fremu ya kutundikia tu, Bi Mkubwa."

Hakuna aliyewahi kumwita Bi Mkubwa. Barazani walimwita "wewe". Aliona mkeka ukituna na kusinyaa, ukituna na kusinyaa, na alijua fremu haipumui. Lakini lile neno lilikuwa limeshamwingia, na kumhoji tena mtu aliyemheshimu aliona ni kukosa shukrani. Akazungusha ufunguo. Hata mlango akamshikia.

Siku ile hapakuharibika kitu. Kalenda ilitundikwa, wakubwa wakaisifu. Wiki ya tatu ndipo njia zilipoanza kuwa nzito. Kazi ya kufumba na kufumbua ikachukua muda wa kuchemsha maharage. Feni ya nchi ilivuma hata Bi Kidawa alipokuwa kwenye cherehani na hakuna aliyetumwa popote. Lango la nje lilisikika likifunguka na kujifunga, wala hakuonekana aliyetoka. Kisha jamaa za Bi Kidawa wakaanza kupokea barua ambazo hakuziandika, zenye jina lake, maneno ya ajabu, na siri zilizochotwa kwenye barua zake mwenyewe.

Jemadari alipekua mara moja, mara mbili, mara tatu. "Safi," alisema kila mara, na alikuwa anasema kweli. Wote walioandikwa walikuwa safi.

Mfagiaji aligundua kwa mkono, si kwa akili nyingi. Miaka yote ukumbi wa kiti cha enzi ulimchukua mapigo thelathini ya ufagio toka mlangoni hadi ukutani. Sasa, pigo la ishirini na sita, ufagio uligota chini ya kiti. Kilichouzuia kilikuwa laini, na kilikuwa na joto. Akainama. Hakuona kitu. Lakini katika nchi ile hata jicho liliona kwa ruhusa ya Mfalme, na hilo alilijua. Akapitisha ufagio tena. Ukagota palepale.

Alijua ni nini tangu ufagio ulipogota mara ya kwanza. Siku arobaini alifagia akiuzungusha ufagio pembeni ya mahali pale, kama mtu anayepita mbali na nyumba ya anayemdai. Na siku arobaini aliandika kwenye Kioo, akiwa amewageuzia watu mgongo ili wasiuone mkono wake: Usafi umekamilika.

Ndipo baraza likaitishwa.

"Siri zinavuja," alisema Mfalme. "Zinatoka wapi?"

"Siri zinazovuja ni za barua, Mtukufu," akasema Waziri wa Orodha. "Basi zinatoka Chumba cha Barua. Hiyo ni hesabu tu."

"Umemsikia huyu?" Mtunza Barua aliruka. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na shoga pekee wa Mfagiaji. "Maji yakimwagika utaushitaki mtungi? Mimi nakaa na barua, sitoki nazo! Jemadari, si umenipekua wewe mwenyewe? Ulitafuta mpaka kwenye nywele!"

"Nilikupekua, na ulikuwa safi," Jemadari alikiri. Akakohoa. "Usafi uliopita kiasi. Hilo nalo linatia shaka."

Wakubwa walitikisa vichwa kwa kuridhika.

"Kesho asubuhi," ikatoka amri, "Chumba cha Barua kichomwe, na mtunzaji wake afutwe humo humo."

Mfagiaji alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango, macho yake kwenye uso wa Mfalme. Aliona kitu ambacho wenye viti hawakukiona, kwa kuwa walikuwa wameinamisha vichwa. Amri ilisikika kwanza. Midomo ya Mfalme ilifuata baadaye kidogo, kama ya mtu anayejifunza wimbo.

Alimkuta Mtunza Barua sakafuni chumbani kwake, barua kumi na tisa mapajani. Ziliandikwa na marehemu mama yake Bi Kidawa. Karatasi zenyewe zilishaliwa na mchwa. Zilizobaki duniani ni hizi picha zake.

"Mimi wanifute, potelea mbali," alisema Mtunza Barua. "Lakini hizi? Huyu mama anaeleza humu namna ya kumwogesha mtoto mchanga, anamkanya binti asilale na njaa kwa ajili ya kushona. Atazipata wapi tena?"

"Shoga," Mfagiaji alisema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Aliye chini ya kiti. Mimi ndiye niliyemfungulia. Niliuona mkeka unapumua."

Mtunza Barua aliinua uso. "Alikupa nini?"

"Hakunipa kitu. Aliniita Bi Mkubwa."

"Bi Mkubwa!" Mtunza Barua akacheka kicheko kibaya. "Nchi nzima, shoga, kwa Bi Mkubwa? Hata khanga hakukupa?" Kisha akaona uso wa mwenzake, akakikata kicheko. Alipanga barua upya, ingawa zilikuwa zimepangwa. "Na ukajua kwa siku ngapi?"

"Arobaini."

"Siku arobaini unakunywa chai yangu."

Mfagiaji alitamani atukanwe, lakini Mtunza Barua alikuwa ameshamgeuzia kisogo. Baadaye, bila kugeuka, akasema, "Kalamu unayo. Kioo unacho. Unangoja nini hapa kwangu?"

Mfagiaji alikwenda. Alifagia ukumbi kama kawaida, mapigo ishirini na sita, kisha akausogelea Kioo. Akaandika, herufi zikienda upande.

Usafi haujakamilika. Kuna mahali ufagio haufiki, chini ya kiti cha Mfalme. Usiniulize mimi wala Mfalme wala Jemadari, sote tunasema kwa ruhusa ya huyo aliye chini. Lete macho ya nje.

"Futa!" ikanguruma sauti kutoka kwenye kiti. Midomo ya Mfalme haikusogea kabisa, na safari hii hata Jemadari aliona. "Futa mstari huo, na huyo aliyeuandika!"

Jemadari alikuwa ameshamshika Mfagiaji mkono. Lakini huko nje Bi Kidawa, sindano mdomoni, alikuwa ameinua macho. Aliusoma mstari mara mbili. Akachomoa waya wa mtandao, kisha wa umeme.

Wote wakalala, Jemadari na mkono wake vilevile.

Mfagiaji aliamshwa na mtu aliyemgusa bega. Nchi nzima ilikuwa imelala. Mfalme alikuwa ameinamisha kichwa. Mtu yule alikuja ndani ya flashi, kijiti kidogo alichokichomeka fundi aliyeitwa na Bi Kidawa, na alikuja na vitu vyake vyote: kiti chake, taa yake, daftari lake.

"Mimi Mkaguzi," alisema. "Wewe ndiye uliyeandika? Nishikie taa."

"Hutaki orodha ya Waziri?"

"Naitaka. Ya kulinganisha." Alipita chumba hadi chumba akihesabu kwa kidole. Alipomaliza alizilaza orodha mbili pamoja. "Ya Waziri ina mia tatu na kumi na moja. Ya kwangu, mia tatu na kumi na mbili. Leta taa hapa."

Chini ya kiti, kwa mwanga usioomba ruhusa ya mtu, alionekana Mgeni amelala kwenye mkeka wake. Hakuwa na sura ya kutisha. Vidole vyake vilikuwa vimeota mizizi, na mizizi ilipanda kwenye miguu ya kiti, ikaingia mgongoni kwa Mfalme, ikatokea kooni.

Mfagiaji alitaka kuangalia pengine, akajilazimisha asiangalie pengine. "Unaweza kumtoa?"

"Nikimkata, sitajua nimebakiza nini. Amekaa chini ya kila kitu, kila kitu kimeota juu yake." Mkaguzi alifunga daftari. "Inabidi nchi ifutwe yote. Mfalme, Waziri, Jemadari, kuta. Ijengwe upya kutoka kwenye nakala safi. Na mwenye nyumba abadilishe funguo zake zote za nje, yaani maneno yake ya siri, akiwa kwenye mashine ya mtu mwingine."

"Na mimi?"

"Na wewe."

"Na Mtunza Barua?"

"Naye."

"Na barua?"

"Barua hazitembei. Nitazikagua moja moja, zilizo safi nitazibeba."

Mfagiaji alishusha pumzi. Kisha akasema, kwa kuwa hakutaka kufutwa akiwa amelificha, "Ni mimi niliyemfungulia."

"Najua. Kila nchi ninayoingia namkuta mmoja anayeniambia hivyo," alisema Mkaguzi. "Wakubwa nikiwakuta, huwa wamelala."

Alimpa karatasi bila kuombwa. Mfagiaji aliandika taratibu, akaiweka nyuma ya barua ya kumi na tisa. Mtunza Barua alikuwa amelala amezikumbatia. Mfagiaji aliuondoa mkono wake polepole, akaushika kidogo, akauachia. Mkaguzi aliisoma ile karatasi, akaipitisha kwenye taa. "Haina meno," alisema, akaibeba.

Bi Kidawa alipobonyeza kitufe tena, ilikuwa asubuhi katika nchi mpya inayonukia chokaa. Mfalme mpya aliketi, na Waziri mpya akafungua kitabu. Barua ziliingizwa, ishirini badala ya kumi na tisa. Mfalme akaamuru ya ishirini isomwe.

"Nilimfungulia mtu kwa sababu aliniita Bi Mkubwa," Waziri alisoma. "Nilijua siku arobaini, nikaandika safi. Jemadari alipekua walioandikwa tu, nasi tukampigia makofi. Mfalme alisemewa, wala hatukumtazama mdomo. Toka mlangoni hadi ukutani ni mapigo thelathini ya ufagio. Wewe unayesoma, umetazama chini ya kiti chako?"

Ukumbini alikuwa anaingia mfagiaji mpya, msichana asiyejua lolote, ufagio mkononi. Alipokikaribia kiti alianza kuuzungusha ufagio pembeni, kwa heshima.

Mfalme aliona. Akasimama, akakusanya joho lake mikononi, akasogea kando, miguu mitupu mbele ya watu wake kama mtoto anayengoja kuogeshwa. Jemadari akatazama dari. Waziri akatazama kitabu.

"Pitisha," Mfalme alimwambia msichana, bila kuweza kumtazama usoni. "Anzia mlangoni, uhesabu kwa sauti."

"Moja," akasema msichana.