Uwanja Wenye Mdomo Mmoja

Tangu aolewe na Yotamu, Tulinagwe hakuwahi kumwona baba mkwe wake. Ndivyo ilivyokuwa siku zile za Mdachi: mkamwana akisikia kikohozi cha mkwewe njiani, anajitupa majanini na kujifunika uso, hata kama ana mtungi wa maji kichwani. Jina la mzee, Anyosisye, hakulitamka kamwe.

Lakini kazi ya mikono yake aliijua. Kila nyumba nzuri kutoka Bujonde mpaka ziwani ilikuwa na mafundo yake ya kufungia mianzi, madogo, yamelala upande mmoja kama nywele zilizosukwa. Kuta ndefu za mianzi, zimeegemea nje kidogo. Tulinagwe alijisemea, mtu huyu lazima awe mrefu kama mgomba.

Basi akaja Mdachi mmoja mpimaji, na kamba zake na vigingi vyake, akapima uwanja wa soko ufukweni, karibu na Itungi. Alitaka watu waache kuuziana vichakani. Wapate mahali pao, penye mabanda ya kivuli pande zote na katikati peupe. Akamfanya Anyosisye mkuu wa mafundi. Mdachi akachora, mzee akajenga: ua wa mianzi kupita kimo cha mtu, na lango moja pana linalotazama ziwa. Tulinagwe alipita mbali kwa mbali, akaona ncha za mianzi tu. Alikuwa akipika ugali huku akiwaza, mle ndani mna nini?

Siku ya kufunguliwa, wanaume waliingia. Wanawake wa Kikisi nao wakashuka mitumbwini na vyungu vyao, wakaingia. Wao wakwe zao wako mbali, ng'ambo. Wakapanga vyungu, wakangoja. Wa kubadilishana nao hawakuonekana. Wanawake wenyeji, wenye maharage na ndizi, walikuwa nje, wamejibanza kwenye matete.

Mdachi akadhani wanamwogopa askari wa langoni, akamwondoa. Wapi. Akadhani ni jua, akaongeza kivuli. Wapi. Mwisho akasema, "Soko lijalo likiwa hivi hivi, mianzi yote inakwenda bomani. Tutajengea zizi la nyumbu."

Tulinagwe aliyasikia hayo kwa mama mkwe wake, Marta, alikokwenda kusaidia kutwanga wakati mzee yuko kazini. Roho ilimuuma. Uwanja ubomolewe hata hajauona? Walikuwa bado wanazungumza ndani ya nyumba, mara kikohozi uani. Mzee amerudi mapema. Tulinagwe akanywea nyuma ya ukuta.

"Marta, nani yumo humo?"

"Yumo mtu wako wa kujificha."

"Haya, na akae. Mimi nakaa hapa mlangoni na majonzi yangu. Wanawake wameususa uwanja wangu. Nimewakosea nini?"

Marta akacheka. "Mzee mzima, hujui?"

"Ningejua ningekuuliza wewe?"

Tulinagwe akashangaa. Mwanamke yeyote alijua. Hakuna aliyesema, kwa kuwa nani angefikiri kuna asiyejua? Akamnong'oneza mama mkwe, na Marta akapaza sauti.

"Anasema umejenga mgono. Samaki akiingia, hana pa kutokea."

"Mgono! Mwulize, kivipi?"

"Anauliza, nyumba yako hii ina milango mingapi?"

"Miwili. Zote najenga na miwili."

"Na wa nyuma ni wa nini?"

"Baba alinifundisha hivyo," mzee akasema. "Sikuuliza."

"Basi tega sikio," Marta akasema. Tulinagwe akafungua mlango wa nyuma, ukalia kwii, akapenya migombani akaenda zake. Huku nyuma alimsikia mzee, "Kah! Na mimi huwa napita mbele tu!"

Yaliyofuata alihadithiwa na Yotamu, aliyekuwa akimsaidia baba yake kufunga mianzi.

"Lango la pili?" Mdachi aliuliza. "La nani?"

"La wake za watoto wetu, Bwana."

"Na mkikutana ndani?"

Anyosisye akajikuna kichwa. "Hapo sijui."

"Hata mimi sijui." Mdachi akavua kofia, akautazama ua kana kwamba umejengwa na mtu mwingine. "Toboa, tuone."

Siku ya soko Tulinagwe akajitwika maharage, akaingia kwa lango la nyuma. Wanawake walikuwa wamejaa tele! Kumbe wanawake wa Kikisi, bila kuambiwa na mtu, wamevipanga vyungu vyao katikati ya uwanja, kimoja juu ya kingine, kuanzia banda hili hadi lile. Ukuta wa udongo. Huku wake, kule wakwe. Mdachi alikuwa akizunguka, anapanda juu ya kigogo, anashuka, anapima kwa macho.

Tulinagwe alitazama mpaka shingo ikamuuma. Mafundo yalikuwa yale yale, mabanda yanapokezana kivuli. Akakichagua chungu cha ukubwa wa kati pale ukutani, akakijaza maharage kama ilivyo desturi, akayamimina kwa mama mwenye vyungu, Asegelile, yawe ndiyo bei, kisha yeye akakichukua chungu.

"Ndaga," akashukuru Asegelile. Halafu akapiga ukelele. "Jamani, nunueni taratibu, mnatuvunjia ukuta!"

Pale palipotoka chungu pamebaki tundu. Na ng'ambo ya tundu, mzee mmoja amewapa mgongo, ameinua mkono analigusa fundo la banda. Ili alifikie amesimama juu ya jiwe, tena kwa ncha za vidole.

Tulinagwe akajifunika uso upesi, kama inavyompasa.

"Umeona nini, mwanangu?" Asegelile akauliza, huku akiziba tundu kwa chungu kingine.

"Ni mfupi!" Tulinagwe akasema chini ya nguo, na mabega yakamtikisika kwa kicheko.