Jiliwa Linaloshika

Jicho hakupewa jina hilo kwa uzuri wa macho yake. Alipewa na wenzake karakanani kwa sababu hakuna kilichompita: nani kachelewa, nani kagombana na mumewe, nani kalia asubuhi kisha akajipaka poda. Na siku za karibuni jicho hilo lilimkalia mtu mmoja tu, naye ni wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa akikaa naye bega kwa bega kazini.

Karakana yenyewe ilitengeneza nzi. Ndiyo, nzi. Si wa kuruka, ila wa manyoya na uzi, wanaofungwa juu ya ndoana ndogo ili samaki adhani kuna mdudu ameanguka majini. Wananunuliwa na watu wanaovua kwa starehe, wenye muda wao. Kila mfungaji ana jiliwa lake, kile chuma kidogo kilichobanwa ukingoni mwa meza, chenye meno mawili ya kuishika ndoana wakati mikono yote miwili inazungusha uzi. Jiliwa lisiposhika vizuri, ndoana inacheza, uzi unalegea, na nzi anatoka kichwa upande kama mlevi. Nzi wa namna hiyo mkaguzi humtupa kwenye ndoo bila kumtazama mara ya pili.

Mwezi mzima sasa nzi wa Jicho walikuwa wakiishia kwenye ndoo. Yeye, aliyewafundisha nusu ya wale waliokuwa wakimtazama kwa huruma. Alikaza, ndoana zikateleza. Akakaza tena, zikateleza tena. Ijumaa msimamizi alimwita kando akamwambia kwa upole, na upole ule ndio uliomuuma: atafute jiliwa linaloshika, la sivyo Jumatatu ahamie meza ya kupaki. Meza ya kupaki iko nyuma, hakuna mwanga, kazi ni kukunja maboksi tu. Benchi lake yeye liko dirishani. Alilikalia tangu mwanawe wa kwanza akiwa tumboni, na aliapa kimoyomoyo kwamba hatatoka pale mpaka astaafu.

Jiliwa halilegei lenyewe, alijiambia. Kuna mkono. Na mkono alishauona. Zaidi ya mara moja, akirudi kutoka kunawa, alimkuta wifi yake ameinama juu ya benchi lake, vidole kwenye jiliwa, na alipomwona akajifanya anaokota uzi. Sasa wewe unaokota uzi kwenye meza ya mtu, wako umekwenda wapi?  Jicho alitabasamu, akakaa, akaweka moyoni. Akienda yeye kupaki, dirishani atasogea nani kama si jirani yake? Wifi alikuwa anamchimba, tena mchana kweupe.

Ndiyo maana Jumamosi, kabla ya kutoka kazini, alipita ofisini. "Ukitaka kujua kwa nini ndoana zangu zinateleza," alimwambia msimamizi, "muulize aliye kulia kwangu. Mkono wake hautulii kwenye jiliwa la mwenzake." Msimamizi akakunja uso. Akasema atalimaliza leoleo, na kwamba mtu wa kuharibu vifaa vya wenzake hana nafasi kwake, hata ya kufagia. Jicho akatoka kifua mbele. Mlangoni akamkuta wifi yake anamsubiri, mkoba begani.

"Twende wote dukani," wifi akasema. "Nikikuacha peke yako mtagombana na mwenye duka, utarudi na jiliwa la kubania mbao."

"Nani kakwambia naenda dukani?"

"Kaka."

Kaka, yaani mume wa Jicho, mdomo wake haujawahi kuwa na mlango. Jicho akakubali. Bora awe naye karibu aone anachofanya.

Duka lilikuwa chumba kirefu chembamba, nyuma ya mafundi baiskeli, kinanuka grisi, misumari imejaa kwenye makopo na minyororo inaning'inia darini. Mwenye duka, mtu mnene aliyeipandisha miwani yake kwenye paji la uso, alimtazama wifi kwanza. "Karibu tena," akasema.

Tena? Machale yakamcheza Jicho. Tena ya lini?

Mwenye duka alitoa jiliwa la kwanza, la kukaza kwa skrubu. Jicho alikuja na ndoana zake mwenyewe kwenye kibiriti, maana ndoana za dukani huwezi kujua wamezifanya nini. Akatia moja kwenye meno, akakaza mpaka kidole gumba kikawa cheupe, akaigusa kwa kucha. Ndoana iliyoshikwa sawasawa hulia kidogo, ting. Hii haikulia. Iliinama taratibu, ikaanguka juu ya kaunta.

"Meno yamelika," akasema.

"Mama, limetoka kwenye boksi sasa hivi."

"Boksi lilikuwa limefunguliwa."

"Nimelifungua mbele yako."

"Ndiyo hilo ninalolisema."

Wifi akaangua kicheko. "Mvumilie, mwenye duka. Huyu siku ya harusi yake alitaka kumpima kaka yangu urefu, akihofia amebadilishiwa bwana harusi."

Siku nyingine Jicho angemrudishia kubwa zaidi, mpaka wifi ashike mbavu, kwa kuwa utani wao haukuwa na mpaka.  Leo aliona tu jinsi mwenye duka alivyocheka pamoja na wifi, kama watu wanaojuana.

Likaja la pili, lenye mpini mdogo wa kusukuma chini. Jicho akasukuma. Ndoana ikateleza. Akasukuma kwa nguvu zake zote, akiuma meno, ikateleza vilevile.

"Nani kakwambia uniwekee mabovu?" akauliza, lakini macho yake yalikuwa kwa wifi.

 Mwenye duka alilivuta lile lile, akatia ndoana ile ile, akasukuma mpini kwa kidole kimoja, akaigusa. Ting.

"Umefanya ujanja."

"Ujanja gani, mama?"

"Ningeujua ningekuwa na duka mimi."

Wifi akanyoosha mkono. Akatoa ndoana, akairudisha, akabana, akafunga uzi na kuuvuta mpaka uzi ukakatika. Ndoana haikutikisika. Jicho akalinyakua jiliwa, akabana mwenyewe, na kabla hajaigusa ndoana ilikuwa sakafuni, karibu na kiatu chake.

Hakuinama kuiokota. Alikitazama kidole gumba chake. Hakikuwa kinauma sana, hakikuwa kinatetemeka. Kilikuwa tu hakifanyi alichokiambia. Akaikumbuka chupa ya mafuta aliyompa mumewe aifungue, akikilaumu kiwanda. Akakumbuka bomba la jikoni, alivyomsema fundi wa watu mpaka akaondoka bila kuaga. Akakumbuka kufuli la mlango. Vyote hivyo aliviona vina hila, na kumbe havina kosa lolote. Hofu ilimshika, hofu ya kweli, kwa sababu mtu anaweza kununua jiliwa jipya, lakini kidole atakinunua wapi?

"Lile la springi nililokuulizia," wifi akamwambia mwenye duka, sauti chini, "umelileta?"

Likatoka chini ya kaunta. Hili lilifanya kazi kinyume. Meno yake yalikaa yamefunga muda wote. Ukitaka kuyafungua unaminya kwa kiganja kizima, unatia ndoana, unaachia, na springi inabana yenyewe. Kidole gumba hakina kazi. Jicho akaminya, akatia, akaachia. Akaigusa ndoana. Ikalia.

"Ulijua," akasema.

"Nakaa na wewe, wifi, nitaachaje kujua? Nakuona unavyokaza mpaka jasho linakutoka. Ukienda kunawa nakukazia, angalau nzi wawili watatu wapone na ndoo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe mtu akikwambia sketi imepinda unamuuliza katumwa na nani."

Jicho alitaka kucheka. Lakini simu ililia ndani ya mkoba wa wifi, na wifi alipoitoa alishangaa. "Msimamizi. Jumamosi hii ana shida gani na mimi?"

"Nipe mimi," Jicho akasema.

"Simu yangu?"

"Nipe, nakuomba."

Angeweza kutoka nayo nje. Angeweza kuizima, akampigia msimamizi baadaye kwa siri, wifi asijue maisha yake yote. Lakini alisimama palepale kauntani akasema: "Ni mimi. Yale niliyokwambia mchana si kweli. Hakuna anayeniharibia jiliwa. Kidole changu kimeisha nguvu, ndoana zinanitelezea mwenyewe. Wifi yangu alikuwa ananisaidia. Usimfukuze." Akasikiliza. "Ndiyo. Nimelipata. Jumatatu utaniona."

Akairudisha simu. Wifi hakuiweka mkobani.

"Ulimwambia nini kuhusu mimi?"

"Kwamba unanichimba."

"Lini?"

"Leo. Kabla hatujatoka."

"Nikiwa nakusubiri mlangoni."

 "Nisamehe, wifi," Jicho akasema, na wifi akaitikia kwa kichwa, akamwomba mwenye duka alifunge jiliwa vizuri, springi isije ikagongwa njiani. Wakarudi nyumbani njia moja, wakizungumzia jua.

Jumatatu msimamizi alisimama nyuma ya Jicho mpaka akamaliza nzi wa kwanza, kichwa kimenyooka, kisha akaondoka. Dirisha likabaki lake. Wifi hakufukuzwa, aliomba mwenyewe benchi la karibu na mlango, akasema huko kuna hewa.

Jioni wifi alipita nyumbani kwa Jicho kama kawaida yake. Ila siku zote huingia hadi jikoni akipiga kelele. Safari hii alisimama kizingitini mpaka akaribishwe.

"Shikamoo, wifi. Habari za kutwa?"

"Marahaba. Umekuja kula chakula changu tena, au kumtetea kaka yako?" Jicho akasema, akasubiri.

"Hapana, wifi," akajibiwa kwa adabu zote. "Nimepita tu kuwasalimu."