Mkarimu wa Njia Panda

Mara mbili Perpétue alikuwa ameshindwa mtihani wa udereva, na kosa lilikuwa lile lile: akifika njia panda yenye vibao vya kusimama pande zote nne, aliwapungia wenzake mkono wapite, hata kama yeye ndiye aliyefika wa kwanza na zamu ni yake. Kwao Bukavu alilelewa hivyo. Mtu mzima hatanguliwi.

"Mama Ntwali, wewe unapisha hata gari lililoegeshwa," mumewe, Byamungu, alimtania asubuhi ya mtihani wa tatu.

Perpétue alikuwa ametoka kupanga maboksi usiku kucha ghalani, mjini Eagan, na miguu ilimwaka moto. Jumatatu, kazi ya kutunza wazee ilimngoja Eden Prairie, mahali ambapo alfajiri hakuna basi. Bila leseni, kazi hiyo ingekwenda kwa mwingine.

Mwalimu wake, Mzee Fintan, Mwairishi mwenye mvi hadi kwenye nyusi, aliegesha gari nje ya ofisi ya leseni.

"Mama yangu angekuita flaithiúlach," alisema.

"Ni tusi, Mzee?"

"Ni sifa. Mkarimu. Lakini sikiliza neno lilikotoka. Flaith, kwa Kiairishi, ni mtawala. Basi flaithiúlach ni mtu atoaye kama mtawala."

"Mimi nitawale nini? Hata usingizi wangu siutawali."

"Mtawala hutoa kilicho chake. Wewe unagawa zamu hata hujaishika. Na walio nyuma yako wanaongoja, hao umewakarimu nini?"

Perpétue alipiga mwayo, akaomba radhi, akahamia kiti cha dereva. Mzee Fintan akashuka, na mkaguzi wa mtihani akaingia na karatasi zake.

Kwenye njia panda ya tatu alifika wa kwanza. Kulia kwake likasimama gari la bibi mmoja mwenye nywele nyeupe, kidevu kikikaribia usukani. Mkono wa Perpétue ukaanza kuinuka wenyewe. Kwenye kioo aliona magari matatu yakingoja nyuma yake. Akaurudisha mkono, akakanyaga mafuta, akapita bila kuthubutu kumtazama yule bibi usoni.

Waliporudi, mkaguzi alimkabidhi karatasi. Amefaulu.

Mzee Fintan alipiga makofi peke yake. "Nikupeleke nyumbani ukalale?"

"Hapana, Mzee. Twende Eden Prairie. Nataka kuijua njia kabla ya Jumatatu."

"Haya, endesha."

"Nitaendesha," alisema, huku akilaza kiti na kufumba macho. "Niachie dakika kumi tu."