Mhogo wa Siku Moja

Ukame ulikuwa umemaliza mhogo mtamu wote, ukabaki mchungu. Nao mhogo mchungu una taratibu zake: unamenywa, unalundikwa chini ya majani siku nne hadi ulainike na kuota ukungu mweusi, unakwanguliwa, unaanikwa, ndipo unatwangwa. Wanawake wote wa Memba walizijua taratibu hizo. Ancha pia alizijua, ila asubuhi ya pili tu akafunua majani. Mhogo ulikuwa bado mweupe, mgumu.

"We Ancha, huo haujaiva," alisema mama yake.

"Nitaupika sana, mama. Moto hauachi kitu."

"Moto hauna kazi hapo. Hapo kazi ni ya siku."

"Basi mbembeleze wewe mjukuu wako Zainabo asilie njaa siku tatu nyingine."

Mama akainama, akamsaidia kuanika.

Ancha alisonga karakata, ugali wa unga ule, hadi mikono ikafa ganzi. Ilikuwa na uchungu kidogo tu. Wakaila kwa chumvi, kesho yake tena, mwezi mzima.

Asubuhi moja Zainabo, wa miaka sita, hakutoka mkekani alikolala na wadogo zake.

"Amka, malkia, maji hayajileti!"

"Miguu haitaki, mama."

"Haitaki? Ina mdomo hiyo?" Ancha akamwinua huku akicheka. Mtoto akasimama kwa ncha za vidole, magoti yakapishana kama mkasi, akaanguka. Kicheko kikamkauka Ancha mdomoni.

Kwenye zahanati walikuta foleni ya akina mama waliobeba watoto wakubwa. Muuguzi aligonga goti la Zainabo kwa kidole. Mguu ukaruka wenyewe.

"Mhogo mnaulundika siku ngapi?"

"Nne," alisema Ancha, macho chini.

"Wote mnaniambia nne."

Ancha akamvuta Zainabo karibu. "Moja. Lakini niliupika sana, dada. Ulitokota hadi ukatoa mapovu."

"Ukiwa majanini, mhogo unajitoa sumu wenyewe, polepole. Ukiuwahisha motoni, unaufunga na sumu yake ndani."

"Nikianza leo kuulaza siku nne, atatembea?"

"Utawaokoa wadogo zake."

"Nakuuliza huyu."

Muuguzi aliikunja ile miguu taratibu, ikajinyoosha tena, migumu. Akaifunika kwa kanga.

"Haya, aje mwingine," alisema kwa sauti ndogo.

Ancha hakuinuka.